Alhamisi za Mama Kadi katika Chumba cha Kujalidi

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Mama Kadi atakabidhi funguo za chumba namba saba na kustaafu, baada ya kuitumikia maktaba yetu kwa miaka thelathini na minne. Tumeandika "kamili" kwa makusudi. Katika miaka yote hiyo hajawahi kutoka hata dakika moja kabla ya saa, na aliyejaribu kumtangulia mlangoni alitazamwa juu ya miwani mpaka akakumbuka kitu alichosahau mezani.

Wageni wa kazini huuliza hilo jina limetoka wapi. Limetoka kwenye ukumbi wa katalogi, enzi ambazo kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na kadi zote zililala ndani ya droo ndefu za mbao zilizopangwa ukutani mpaka karibu na dari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzipanga kadi hizo. Waliomkuta wanasimulia kwamba alikuwa akivuta droo bila kutazama lebo, na vidole vikatua papo hapo. Wanasema pia kwamba alikuwa binti mwembamba wa sweta la kijani, asiyependa kusema sana. Hilo la sweta tumelithibitisha.

Kompyuta zilipoanza kuingia, wengi wetu tulizipisha kama wakwe. Yeye aliandika barua akaomba apelekwe mafunzoni. Alirudi baada ya miezi minne akiwa anajua kuandika programu, na kwa miaka mitatu iliyofuata aliongoza kazi ya kuzihamishia kadi zote kwenye mashine, droo baada ya droo. Siku droo ya mwisho ilipobaki tupu hapakuwa na sherehe yoyote. Aliipangusa kwa kitambaa, akairudisha mahali pake, kisha akaenda stoo ya vifaa akalia. Mwenyewe hafichi. Anasema zile kadi alizijua kwa mwandiko, na baadhi ya walioziandika walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Ndipo akaanzisha kitengo cha tovuti, chumba namba saba, meza tatu na dirisha lisilofunguka. Ukurasa wa kwanza kabisa wa kutafutia vitabu, ule uliomwezesha msomaji kukaa nyumbani kwake na kujua tuna nini rafuni, aliuandika kwa mkono wake. Tuliofuata baadaye tulikuwa wawili: mimi niandikaye haya, na Fundi Seva, bwana mpole ambaye mashine zikigoma huzisemesha kwa upole mpaka zinaona haya. Tulimkuta Mama Kadi na tabia zake. Alimwita kila mtu "mwanangu", Mkuu wa Maktaba akiwemo. Alisahihisha matangazo yaliyobandikwa kwenye lifti kwa kalamu nyekundu. Na ukimwambia programu yako inafanya kazi, alikuuliza kwa nini inafanya kazi, na hapo ndipo ulipojua kwamba hujui.

Lakini jambo tutakalomkumbukia zaidi ni Klabu ya Kusoma Msimbo. Msimbo, kwa wasomaji wetu wa idara nyingine, ni yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Kila mmoja wetu watatu alikuwa na sehemu yake, na hakuna aliyechungulia ya mwenzake. Tuliona huo ndio ustaarabu. Kisha Fundi Seva akaenda likizo kumwoza binti yake, na siku ileile ukurasa wa kuongeza muda wa kuazima ukazimika. Mimi na Mama Kadi tuliyakodolea macho maandishi yake siku mbili nzima. Alikuwa amekipa kila kipande jina la nafasi ya mchezaji uwanjani: winga, kiungo, beki wa kati. Siku ya tatu tulimpigia simu akiwa ukumbini, muziki umefunguliwa nyuma yake, naye akatueleza kwa kupaza sauti, mbele ya wakwe zake wapya, kwamba tatizo lazima liko kwa kipa. Lilikuwa kwa kipa kweli.

Aliporudi, Mama Kadi alituketisha. Alisema jengo hili lote watu wanasoma, kuanzia watoto wa ghorofa ya kwanza hadi walinzi wa zamu, isipokuwa sisi wa tovuti, ambao hatusomani. Kuanzia juma lile, kila Alhamisi saa nane mchana, tungekaa saa moja na kusoma msimbo kwa sauti kama watu wanavyosoma kitabu. Ungepigwa chapa kwenye karatasi, maana kwenye kioo cha kompyuta macho hukimbia. Angesoma mtu ambaye hakuuandika. Na aliyeuandika angekaa palepale bila kutamka neno mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu, alisema, msomaji akipotea njia, kosa si la msomaji.

Chumba chenye meza ya kututosha kilikuwa kimoja tu, cha kujalidi vitabu, ghorofa ya chini kabisa. Kinanuka gundi na ngozi, na taa yake moja hupepesa. Mjalidi wetu, ambaye wakati huo alikuwa ameshashona vitabu vilivyoachia kwa miaka ishirini, alitukaribisha kwa sharti kwamba tusiguse mashine yake ya kubania. Tulikaa upande mmoja na karatasi zetu, yeye upande wa pili na sindano yake.

Alhamisi tatu za mwanzo hatukusoma kitu. Mimi nilisema printa imeishiwa wino. Fundi Seva alisema wa kwake bado haujaiva. Juma la tatu tulikunywa chai, tukamsikiliza mjalidi akilalamikia aina mpya ya uzi, tukarudi juu. Ukweli ni kwamba tuliona haya. Kuusomesha msimbo wako mbele za watu ni sawa na kualika wageni waje kukagua uvungu wa kitanda. Mama Kadi alitutazama akasema mficha uchi hazai, na kama kuna kuaibika, basi aanze mkubwa. Alhamisi ya nne alikuja na kurasa kumi na mbili za ule ukurasa wake wa kutafutia vitabu, uliokuwa na umri wa miaka kumi na moja.

Hapa inabidi nieleze mambo mawili yaliyokuwa yakiendelea majuma yale. La kwanza, ghala la chini lilikuwa limejaa na kuta zimeanza kuvuja, na uongozi ulikuwa umeamua kwamba kila kitabu cha humo kisichoazimwa kwa miaka kumi kiondolewe na kupelekwa kiwanda cha karatasi kikasagwe. Orodha ilitoka kwenye kitengo chetu: vitabu elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Mama Kadi ndiye aliyeitia sahihi, na lori lilikuwa lije Jumanne. La pili, nafasi ya Naibu Mkuu wa Maktaba ilikuwa wazi, na yeye alikuwa mmoja wa wawili walioitwa kwenye usaili. Sote tulijua ataipata. Mjalidi alikuwa ameshaanza kumwita Naibu, naye alikuwa ameshaanza kutokataa.

Nilisoma mimi. Tulikubaliana kutamka kila alama, kwa hiyo ilikuwa "fungua mabano, funga mabano" mpaka ulimi ukauma. Ukurasa wa nne nikafika mahali ambapo programu huangalia kama, kwenye rekodi ya kitabu, sehemu ya jina la mwandishi ina neno lolote. Isipokuwa na neno, programu inairuka rekodi hiyo na kwenda inayofuata. Juu yake Mama Kadi alikuwa amejiandikia mwenyewe: "Hii ni ya muda tu. Nitairudia Jumatatu." Tulicheka sana. Jumatatu ya miaka kumi na moja iliyopita! Hakuna anayeandika programu duniani asiye na Jumatatu ya namna hiyo. Tulielewa hata sababu yake. Siku tovuti inazinduliwa, rekodi ambazo hazijakamilika zilikuwa zikitokea kama mistari mitupu mbele ya wageni, naye akazifunika haraka ili kuinusuru sherehe.

Mjalidi hakucheka. Aliacha kushona, akauliza, "Sasa vile visivyo na mwandishi vinakwenda wapi?"

Hakuwa na habari za programu. Aliuliza kwa sababu vitabu vya namna hiyo vilimpitia mikononi kila siku: hadithi zilizokusanywa na watu wengi, nyimbo, ripoti, majarida ya shule, vijitabu vya vyama na vikundi. Havina jina la mwandishi hata kidogo, na havikuwa rekodi zisizokamilika. Kwa miaka kumi na moja, msomaji aliyevitafuta aliambiwa havipo. Na kwa kuwa aliambiwa havipo, hakuviazima. Na kwa kuwa havikuazimwa, vilikuwa kwenye orodha ya lori.

Nilimtazama Mama Kadi. Uso ulikuwa umemshuka na mikono ameibana magotini. Nilidhani atazungumza. Badala yake alinyoosha kidole kwenye karatasi: kurasa nane zilikuwa bado. Ndivyo nilivyomsomea yule mama, aliyenifundisha kazi, kurasa nane zote za maandishi yake mwenyewe, naye amekaa kimya hadi "funga mabano" ya mwisho. Sijawahi kusoma kitu kirefu kama kile.

Fundi Seva ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa mapenzi. "Mama, ni mstari mmoja tu. Tuufute hapahapa. Nani atajua?"

Mama Kadi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lori linakuja Jumanne, mwanangu. Mkuu akiuliza kwa nini lisije, mtamwambia nini?"

Fundi Seva alipendekeza tuseme mashine ilikosea. Nami, nakiri, nilitikisa kichwa kukubaliana naye. Usaili ulikuwa siku sita mbele. Mama Kadi akauchukua ule ukurasa wa nne peke yake, akaukunja mara moja, akapanda ngazi ghorofa tatu hadi ofisi ya Mkuu. Lifti ilikuwa nzima. Alituambia baadaye kwamba alihitaji muda wa kupanga maneno, na alipofika juu alikuwa hajapata hata moja, kwa hiyo alimpa Mkuu karatasi na kumwambia kwamba kosa ni lake.

Lori lilizuiwa. Tuliipitia ile orodha upya, na vitabu elfu moja mia tisa na arubaini na vitatu vilikutwa vimefichwa na ule mstari. Vilipandishwa juu kwa matoroli majuma mawili, idara zote zikisaidia, na waliokuwepo watakumbuka vumbi lile. Naibu akateuliwa mwingine, mtu mzuri ambaye tunafanya naye kazi vyema hadi leo. Mama Kadi alipewa barua ya onyo, akaisoma, akaisahihisha sehemu moja kwa kalamu nyekundu, akaitia sahihi na kuirudisha.

Watu walidhani kilichomuuma ni ile nafasi. Alikuwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani. Huyu wifi alijifunza kukata nguo kwa kijitabu kimoja kilichotolewa na kikundi cha akina mama, chenye michoro ya mikono na mabega, na kila mwaka alimwomba wifi yake wa maktaba amtafutie. Kila mwaka Mama Kadi alitafuta kwenye kompyuta na kumjibu kwamba hakuna kitabu kama hicho. Ikawa utani wa familia: wifi na kitabu chake cha ndotoni. Hata kwenye shughuli za ukoo watu walimuuliza kama kimeshapatikana, wakacheka, na Mama Kadi alicheka nao. Kilikuwa kwenye toroli la tatu. Jumamosi alikichukua akampelekea mwenyewe.

"Wifi," yule mama alimwambia akiwa amekishika, "miaka yote hii umeniacha nijione nimeanza kuchanganyikiwa."

Mama Kadi anasema afadhali angetukanwa. Alikaa pale chini karibu na cherehani mpaka jioni akishika ncha ya futi wakati wifi yake anapima, na hawakulizungumza tena. Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kujalidi, ameshapanga viti. Fundi Seva alimkuta hapo, akatoa kwenye mkoba wake kurasa ishirini na mbili, kipa na timu yake nzima, akaziweka mezani. Klabu yetu tunaihesabu kuanzia siku hiyo.

Imetimiza miaka tisa. Imehamahama vyumba mara mbili na kurudi kwa mjalidi kila mara. Waandishi wa programu kutoka maktaba nyingine saba wamejiunga, wengine kwa video, wakiwa na masharti yaleyale, na hadi mwezi uliopita watu hamsini na wawili wameleta kazi zao kusomwa. Tumeokota makosa ambayo yangewafungia watu milango miaka na miaka. Tumesoma pia mambo mazuri, kama kile kipande cha dada mmoja wa maktaba ya watoto kilichosomeka vizuri mpaka mjalidi akaomba kirudiwe. Kule kwa Fundi Seva wachezaji wote wamepewa majina ya kazi zao, isipokuwa kipa, ambaye wanachama walipiga kura abaki. Na Mama Kadi alileta msimbo wake mara kumi na tisa, zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Haya yote tumeyaandika kwa ruhusa yake. Nilipompelekea rasimu alirekebisha koma mbili, akaniambia nimempamba kupita kiasi pale kwenye ngazi, maana nusura ageuke arudi chini. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza kwa miaka tisa: "Na wewe mwanangu, zamu yako lini?"

Wasomaji wa jarida hili wananijua kama msomaji wa klabu. Nina sauti ya kufaa, basi nikakalia kiti hicho, na aliyekalia kiti hicho haulizwi karatasi zake. Miaka tisa nimesoma kazi za watu hamsini na wawili, na sijaleta hata ukurasa mmoja wa kwangu. Nilijiambia kwamba hakuna aliyegundua. Alikuwa amegundua tangu mwaka wa kwanza, akaningoja.

Kwa hiyo naomba nilimalize hili hapahapa, kabla hajaondoka. Fomu ya kujiandikishia uanachama kwenye tovuti yetu niliiandika mimi. Haimkubali mtu mwenye jina moja tu. Inamtaka ajaze la pili, na asipokuwa nalo inamrudisha mwanzo bila maelezo. Nililijua hilo miaka sita iliyopita, pale mzee mmoja alipotuandikia barua kwa mkono kuuliza amekosa nini. Nilimsajili mwenyewe kimyakimya, nikaikunja barua yake nikaitia kwenye droo. Sijui ni wangapi wengine waliorudishwa mwanzo wasituandikie. Kurasa ni kumi na nne, nimeshazipiga chapa, na barua ya mzee nimeibandika juu. Zitasomwa Alhamisi ya tarehe 29, ambayo ni Alhamisi ya mwisho ya Mama Kadi kazini, na nimemwomba azisome yeye.

Mama Kadi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa maktaba, wa rafuni, wa mapokezi, wa ghalani na wa chumba namba saba, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na saa, na siku nyingi za kukaa na wifi yako. Mimi binafsi nakushukuru kwa kuningoja. Nenda salama, Mama, na uishi vizuri.